Zoezi la Watu Wawili Wawili

Siku ya kwanza darasani, Bi Rula alirushiwa mpira wa sifongo. Ulimpiga kifuani ukadondoka mapajani kama kitambaa cha kufutia sahani.

Aliyeurusha ni mwalimu wake mpya, kijana asiyefika miaka thelathini, aliyesimama katikati ya duara la viti akicheka kwa meno yote. Soksi yake ya kulia ilikuwa ya njano, ya kushoto ya kijani. Mchezo wenyewe ulikuwa hivi: anayedaka mpira ataje jina lake na anakotoka, kisha amrushie mwingine. Bi Rula aliutazama mpira, akamtazama kijana. Halafu akauinua kwa vidole viwili, kama mtu anavyomtoa panya aliyekufa, akauweka sakafuni karibu na kiatu chake, na akasema jina lake kwa sauti ya kuwaita watu mstarini.

Tangu dakika ile kijana akawa Soksi, na moyoni mwake Bi Rula hakupata kumwita jina lingine.

Bi Rula alikuwa amefundisha miaka thelathini na minne, kumi na tisa kati ya hiyo akiwa mwalimu mkuu. Jina la Rula alipewa na wanafunzi, naye alilijua na alilipenda. Insha yoyote aliyoletewa aliipima pambizo kwanza. Ikizidi au ikipungua kwa upana wa kidole, ilirudi kwa mwenyewe bila kusomwa. Watoto walimwogopa, wazazi walimwogopa, na mkaguzi mmoja wa elimu alikaa ofisini kwake saa nzima akiwa amepakata mkoba, kwa kuwa hakuthubutu kuuweka juu ya meza yake.

Sasa alikuwa mjane mwenye magoti mabovu katika mji wa watu. Mwanawe wa pekee, fundi wa lifti, ndiye aliyemleta akae naye. Lakini mji ule ulikuwa na sheria yake: mzazi anayeletwa na mtoto wake sharti apate cheti cha ngazi ya kwanza ya lugha ndani ya mwaka, la sivyo kibali cha kuishi hakiongezwi. Na ngazi ya kwanza ilikuwa na nini? Kutaja jina, umri, kazi, familia, na unachopenda kufanya Jumapili. Mambo ambayo kasuku angeyamudu kabla ya kumaliza karanga zake.

Darasa lilikuwa chini ya maktaba, katika chumba kisicho na dirisha, na mabomba ya maji ya moto yalipita darini yakinguruma kama tumbo la mwenye njaa. Viti vya plastiki vilipangwa duara. Hilo nalo lilimkera. Duara ni la wacheza karata, alijisemea. Darasa ni mistari. Ubao ulikuwapo, lakini Soksi aliutumia kubandikia picha za watoto wanaotabasamu.

Wiki ya pili zikaja kadi. Kila kadi ilikuwa na picha ya kazi, na jina la kazi limeandikwa chini: mpishi, dereva, mfagizi, mwimbaji, mjenzi, rubani, mama wa nyumbani. Kila mwanafunzi achague yake, aivae shingoni kwa uzi, kisha azunguke akimwuliza mwenzake. Bi Rula alizipekua zote mara mbili.

"Mimi mwalimu mkuu," alimwambia Soksi. Alikuwa ameyatafuta maneno hayo kwenye kamusi usiku uliopita, na aliyatamka vizuri.

Soksi aliinamisha kichwa upande, kama daktari wa watoto. "Neno gumu hilo! Hatujafika huko. Sasa hivi wewe nyumbani, ndiyo? Unakaa nyumbani?"

"Ndiyo, lakini..."

"Vizuri sana!" Na akamvika mwenyewe, kwa mikono yake, kadi ya mwanamke mwenye aproni akikoroga sufuria na kucheka peke yake.

Bi Rula aliivaa kadi ile saa moja na nusu. Alipofika nyumbani alimweleza mwanawe, ambaye alikuwa amekaa kwenye sofa akivua buti za kazi.

"Mama, vumilia," alisema fundi wa lifti. "Ni cheti tu. Jibu wanachotaka, upewe karatasi, tuachane nao."

"Nimesomesha watu hata idadi siikumbuki, leo navalishwa sufuria shingoni na mtoto asiyejua kuoanisha soksi!"

"Mtu hachagui mwamba wa kujigonga, Mama."

"Huo si msemo. Umeutunga."

Mwanawe alicheka. Yeye hakucheka.

Kuanzia wiki ile darasa liligawanywa wawili wawili, kila mtu na mwenzake wa kudumu hadi mwisho wa muhula. Bi Rula aliangukia kwa fundi lipu mmoja.

Alikuwa mtu mpana, mzee kidogo, mwenye vumbi jeupe lililokaa kwenye mikunjo ya masikio, ambalo maji ya bomba yalikuwa yameshindwa nalo. Alitoka nchi nyingine kabisa, lugha nyingine kabisa, na wao wawili hawakuwa na neno la kuunganisha ila hayo machache ya darasani, ambayo midomoni mwao yalitoka yamevunjika mbavu. Kalamu aliishika kama mwiko wa kupigia lipu. Kuandika mstari mmoja kulimchukua muda wa mtu mwingine kunywa kikombe cha chai na kukiosha. Bi Rula alimwona akapata jibu mara moja: gogo. Alikuwa amewaona mamia ya aina hiyo, wakikaa viti vya nyuma, na hakuwahi kukosea.

Zoezi lilikuwa lilelile kila wiki, likiongezewa swali moja. Mwulize mwenzako, andika jibu. Kisha mwenzako akuulize, aandike.

"Wewe jina nani?" fundi lipu aliuliza, kidole kikiwa chini ya swali.

Bi Rula alitazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimebaki dakika hamsini. Na hapo ndipo shetani wa kuchoshwa alipomkalia begani. Akamtajia jina la mwanamke aliyekuwa akisafisha vyoo vya shule yake.

"Kazi?"

"Mwimbaji," alisema Bi Rula, uso mkavu kama chaki.

Fundi lipu aliitazama kadi ya sufuria shingoni mwake, akamtazama usoni, kisha akainama akaandika. M. W. I. Herufi moja moja, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo.

Wiki iliyofuata alijitaja jina jingine, akawa rubani. Wiki ya nne alikuwa na watoto kumi na mmoja. Ya tano hakuwa na hata mmoja. Aliolewa, hakuolewa, aliolewa mara tatu. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, kisha themanini. Kila mara fundi lipu alimtazama kwa macho mazito, na akaandika. Bi Rula alirudi nyumbani akimsimulia mwanawe, na wote wawili wakacheka hadi majirani wa chini wakagonga dari.

"Na yeye je?" mwanawe aliuliza siku moja. "Yeye anajibu nini?"

"Nani amuulize? Majibu ya watu kama wale yanajulikana kabla hawajafungua mdomo. Ana mke au ana mbwa, nani anajali? Wote wako hivyohivyo." Na akapuliza pumzi puani, ile pumzi fupi iliyokuwa ikiwafanya walimu wapya wakusanye daftari zao na kutoka ofisini.

Kweli hakumwuliza. Zamu yake ya kuuliza ilipofika, aligeuza kiti kidogo pembeni, akajaza ukurasa mwenyewe kwa mwandiko wake wa kupendeza, pambizo zikiwa zimenyooka: mwenzangu ana miaka arobaini na moja, hana mke, ana mbwa mweusi. Ilimchukua dakika tatu. Dakika zilizobaki fundi lipu alikaa mikono magotini, akisubiri maswali ambayo hayakuja. Mara ya kwanza alijaribu kufungua mdomo. "Mimi..." alianza. Bi Rula aliinua kiganja. Sarufi, alimwonyesha kwa ishara. Mimi naandika sarufi. Hakujaribu tena.

Wiki ya kumi Soksi aliingia amevaa tai. Wageni watatu walikuja kutoka baraza lililosimamia madarasa: wanaume wawili wenye vitambulisho vifuani, na mwanamke mrefu aliyejifunga skafu kwa namna ya mtu asiyewahi kufua chochote. Walikalishwa mbele na kupewa biskuti. Zoezi la siku hiyo ndilo lililokuwa mtihani: kila mwanafunzi asimame amtambulishe mwenzake. Jina, umri, kazi, familia. Alama hamsini.

Mshona nguo, msichana mpole aliyekaa karibu na mlango, alimtambulisha muuza maua. Muuza maua akamtambulisha mshona nguo. Wageni walitikisa vichwa na kutabasamu kwa upole ule ambao mtu humtabasamia mbwa anayetembea kwa miguu miwili. Bi Rula aliwadharau watatu wote kwa mkupuo, akaongeza na biskuti zao.

Kisha Soksi akamwita fundi lipu.

Fundi lipu alisimama na daftari lake. Lilikuwa limechakaa pembe, na kurasa zimevimba. Alilifungua, akalitazama, akalifunga.

"Huyu mama," alisema, akimwonyesha Bi Rula kwa mkono wote, si kwa kidole. "Jina, sijui. Kila wiki jina lingine."

Mgeni mmoja alicheka, akidhani ni utani. Fundi lipu alimsubiri amalize.

"Umri, sijui. Watoto, kumi na moja. Watoto, hapana. Mume, tatu. Mume, hapana. Kazi..." Alikwama. Neno alilolitaka halikuwa kwenye kadi yoyote. Alikunja ngumi, akachora hewani mstari mrefu ulionyooka, kama anayeandika ubaoni. "Kazi, mwalimu. Yeye hasemi. Mimi naona. Yeye anaona darasa, uso mbaya. Anaona mimi, uso mbaya. Yeye anafikiri, huyu mjinga. Mimi nauliza wiki nane. Yeye anauliza mimi," na hapo aliinua mkono, kidole gumba na cha shahada vikifanya sifuri. "Mimi nakaa. Nasubiri. Yeye haulizi. Basi. Asante."

Akaketi.

Mabomba yalinguruma. Mwanamke wa skafu aligeukia mgeni mwenzake akamnong'oneza kitu. Soksi, masikio yamemwiva, alipiga makofi kabla ya mtu yeyote. "Asante! Asante sana! Jitihada nzuri! Sasa mama, tafadhali."

Bi Rula alisimama. Maneno yale ya kuvunjikavunjika alikuwa ameyaelewa yote, na ndiyo yalikuwa sentensi za kwanza alizozisikia katika chumba kile ambazo hazikutoka kwenye kitabu. Mkononi alikuwa na karatasi yake safi. Bado kulikuwa na nafasi ya kuiweka chini. Bado kulikuwa na nafasi ya kumgeukia yule mtu na kumwuliza, hata jina tu, mbele ya watu.

Lakini rula haipindi. Ikipindwa huvunjika, na Bi Rula hakuwa amekuja mbali kiasi kile kuvunjikia mbele ya Soksi. Aliinua karatasi na kusoma.

"Mwenzangu ana miaka arobaini na moja. Ni mjenzi. Hana mke wala watoto. Ana mbwa mmoja mweusi. Siku ya Jumapili hupenda kuogelea."

Hakukosea hata silabi. Alipofika kwenye "wala watoto" alisikia upande wake sauti ndogo, kama ya mtu aliyemeza mate yakaenda njia isiyo yake. Hakugeuka. Wageni walipiga makofi kweli safari hii, na mwanamke wa skafu alimwambia Soksi, polepole ili kila mtu aelewe, kwamba hivi ndivyo inavyotakiwa.

Matokeo yalibandikwa Ijumaa kwenye mlango wa maktaba. Bi Rula, arobaini na tisa juu ya hamsini. Fundi lipu, kumi na mbili; arudie muhula. Pembeni Soksi alikuwa ameandika sababu: habari za mwenzake hazikukamilika.

Fundi wa lifti alirudi na fremu aliyoinunua njiani. Alikitia cheti ndani, akakitundika sebuleni juu ya runinga, akarudi nyuma hatua mbili kukitazama.

"Arobaini na tisa! Ile moja imeenda wapi?"

"Kitoe," alisema Bi Rula.

"Kwa nini?"

Akamweleza. Alimweleza kila kitu, mpaka kidole gumba na cha shahada. Mwanawe alisikiliza, nyundo ikiwa bado mkononi, na mwisho akapuliza pumzi puani.

"Mama, na wewe! Fundi lipu yule yule? Ana mke au ana mbwa, nani anajali? Watu wale wote wako hivyohivyo."

Bi Rula alimtazama. Maneno yalikuwa yake. Hata ile pumzi ilikuwa yake. Mtoto alikuwa ameirithi nzima kama pua yenyewe. Alikuwa amezoea kuiona dharau kutokea upande wa nyuma, upande anaoishikia mtu mpini. Sasa aliiona kwa mbele, usoni mwa mtoto aliyemzaa mwenyewe, na haikuwa akili kama alivyodhani siku zote. Ilikuwa uvivu. Uvivu wa mtu asiyetaka kuuliza.

"Unafanana nami," alisema.

"Asante, Mama."

"Sikukusifu."

Jumanne iliyofuata, ambayo hakuwa na sababu tena ya kwenda popote, alivaa koti akashuka chini ya maktaba. Muhula mpya ulikuwa umeanza, na Soksi alikuwa akipanga viti.

"Mama! Wewe umemaliza!"

"Yeye hakufeli," alisema Bi Rula. "Mimi nimefeli." Alitafuta neno la kusema kwamba ametunga, amebuni, amemzulia mtu maisha; katika lugha yake alikuwa na maneno kumi ya jambo hilo, na katika lugha ile hakuwa na hata moja. Ikabidi atumie ya mtoto. "Mimi mwongo. Karatasi yangu, uongo. Yote."

Soksi aliinamisha kichwa upande. "Hapana, hapana! Sarufi ilikuwa nzuri sana!"

"Sarufi nzuri. Mtu, hapana. Mtu huyo hayupo. Mbwa hayupo."

"Lakini zoezi ni sarufi, mama," alisema Soksi, kwa upole na kwa dhati kabisa, na Bi Rula akatambua kwamba kijana huyu, katika wiki zote zile za mipira na kadi, hakuwahi kusikiliza jibu lolote la mtu yeyote. Alikuwa akisikiliza vitenzi. Alitaka kumdharau kama kawaida. Ilimshinda, kwa kuwa alimfahamu mno. Alikuwa amewafunza walimu mia kama yeye, na kuwaandikia barua nzuri za sifa. "Na matokeo yameshapelekwa," Soksi aliongeza. "Hayarudi."

Wanafunzi walianza kuingia. Fundi lipu aliingia wa mwisho, vumbi lake masikioni. Alimwona Bi Rula. Alimtazama kama unavyotazamwa ukuta uliopigwa lipu vibaya na mtu mwingine, ukuta ambao si kazi yako kuubomoa, akaenda kuketi upande wa pili, karibu na mshona nguo, ambaye naye alikuwa anarudia. Msichana huyo alifungua daftari na kumwuliza jina. Alijibu. Akamwuliza umri. Alijibu. Bi Rula, kwenye kiti cha karibu na mlango ambacho hakuna aliyempa, hakusikia majibu.

Alikuja Jumanne zote za muhula ule. Soksi alizoea. Mwanawe alidhani ni upweke, akamnunulia redio. Hakuna aliyempanga na mwenzake, kwa sababu hakuwa kwenye orodha, naye hakuomba. Wengine walipouliza na kujibu, alikaa akasikiliza, na aligundua kwamba kusikiliza kunachosha kuliko kufundisha. Cheti kilibaki ukutani. Mwanawe alikataa kukishusha, na Bi Rula alipopita sebuleni alikuwa anatazama runinga hata ikiwa imezimwa, ili asikione.

Mara tatu alimfuata fundi lipu wakati wa mapumziko, kwenye meza ya birika. Mara ya kwanza alimwuliza kama ana watoto. Fundi lipu alikoroga sukari yake hadi ikayeyuka, akaikoroga tena, akaondoka. Mara ya pili alimwuliza tena. "Wiki nane," fundi lipu alijibu, "mimi nasubiri. Wewe, subiri." Akasubiri. Alihesabu wiki kwenye kalenda ya jikoni, na hakumwambia mtu.

Mara ya tatu hakumwuliza kitu. Alisimama tu karibu na birika na kikombe chake. Fundi lipu alijimiminia maji, akamtazama, na akasema, bila ya kuulizwa, kwamba ana watoto wanne na mke mmoja; kwamba ana miaka sitini na sita; kwamba kibali kikipita mke atakuja. Aliyasema vizuri sasa, nafsi na vitenzi vyote mahali pake. Msichana wa kushona alikuwa amemsaidia.

"Na mimi nina sitini na sita," alisema Bi Rula.

"Kweli?" aliuliza fundi lipu.

"Kweli."

Hakuonekana kuamini. Alikunywa chai yake yote amesimama, akakiosha kikombe, akakifuta, akarudi darasani. Mwisho wa muhula alifaulu, na baada ya hapo Bi Rula hakumwona tena.